Meneja Mpya Yuko kwa Ndengu

SYOMBUA: Haloo? Ni nani huyo anapigia mtu akivuna ndengu?

WAVINYA: Ni Wavinya, mwaitu. Niko ofisini Matiliku.

SYOMBUA: Uuu, bosi wangu ananiita mama! Wakya, habari yako?

WAVINYA: Aa, nzuri. Mwaitu, umefikiria ile maneno? Nikienda kujifungua, ubaki meneja—

SYOMBUA: Si nilikataa? Mimi ni wa kuchagua maembe ya kukausha. Hao vijana wako wa laptop—

WAVINYA: Sikia kwanza—

SYOMBUA: —huyo Kivuva ananiitanga shosh, kama nyanya yake! Ataskia amri yangu?

WAVINYA: Ataskia. Na utafanyia kazi huko huko kwako Zombe. Kwa kampuni yetu mtu anachagua masaa yake, bora kazi iishe.

SYOMBUA: Hiyo ni mwethya tu, kazi ya kusaidiana! Wamama tulichimba mitaro hivyo. Mwenye mtoto mchanga alikuja jioni, na hakuna mtu alimuuliza.

WAVINYA: Na nani alikuwa anapanga hao wamama?

SYOMBUA: Wee! Umenishika.

WAVINYA: Ndio maana nakutaka we— [anaguna]

SYOMBUA: Haloo?

WAVINYA: Niko. Ni network. Saa nane tuna mkutano na wanunuzi wa Nairobi, uingie kwa simu wakujue kabla sija— [anaguna]

SYOMBUA: Wavinya.

WAVINYA: Network, mwaitu.

SYOMBUA: Nimezaa saba. Network haigunangi hivyo.

WAVINYA: Uchungu umeanza asubuhi. Lakini naeza maliza mkutano. Nikitoka saa hii watasema, si tulijua, mwanamke akiwa bosi... Naogopa, mwaitu. Hii kampuni nilianzia kwa jiko ya mamangu.

SYOMBUA: Kwa hivyo kila mtu anachagua masaa yake, isipokuwa wewe?

WAVINYA: Ati? Sikusikii vizuri.

SYOMBUA: Hiyo sasa ni network ama ni aibu?

WAVINYA: [anacheka] Ni aibu.

SYOMBUA: Basi umeneja nimekubali. Kuanzia sasa. Funga hiyo kompyuta.

WAVINYA: Na mkutano—

SYOMBUA: Nitaongea nao hapa hapa kwa ndengu. Na Kivuva aniite shosh mbele ya wageni, atanijua! Bwanako ako wapi?

WAVINYA: Gedion? Ako nje, anaosha gari. Hajui.

SYOMBUA: Hajui! Muite!

WAVINYA: Gedion! ...Anakuja. Mwaitu, akiwa msichana nitamuita Syombua—

SYOMBUA: Usinihonge! Kwa desturi jina ni la mama ya Gedion, usiniletee vita. Enda!

WAVINYA: Naenda. Nitapiga jioni niulize vile wanunuzi—

SYOMBUA: Ukipiga, nisikie mtoto akilia hapo nyuma. Bila mtoto, nakufuta kazi.

WAVINYA: Sawa, bosi. Asan—

[Simu inakatika.]