Wakwe Wawili na Vayoleti za Kipawa

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu; Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule; Mkuu wa Shule, Mwalimu Godlisten; walimu wenzangu na wafanyakazi wote; wazazi, wanafunzi, na majirani wa Kipawa mliofunga biashara zenu mapema ili muwe nasi; na wewe mgeni wetu uliyetoka mbali kuliko sote, Mama Galina wa Voronezh, nchini Urusi: nawasalimu kwa heshima zote.

Kwa wasionijua, naitwa Raudha. Ni makamu mkuu wa shule hii, na ni jirani wa ukuta kwa ukuta wa Mama Kokushubila, katibu muhtasi wetu, ambaye leo tunamuaga baada ya kuutumikia umma mpaka umri wa kustaafu. Walionitangulia wameisifu kazi yake, na wamesema kweli. Mie mwenyewe aliniita jikoni kwake juzi akaniambia, "Raudha, wewe waeleze habari ya maua. Na usinifichie kitu, nimekuruhusu." Basi ndugu zangu, sitaficha.

Mnayaona maua haya mezani. Majani yake yana manyoya laini kama sikio la paka. Hili jeupe lina ukingo wa kijani. Hili la zambarau lina madoa ya waridi kana kwamba mtu amelirushia rangi kwa brashi. Na hili hapa petali zake zimejikunja kama marinda ya gauni la kipaimara. Ni vayoleti, za aina ya Kirusi. Huko kwao watu huzipanga madirishani, nje theluji imejaa, ndani zinachanua. Lakini niwaulize: ni wangapi kati yetu tulijua kwamba asili ya ua hili ni milima yetu ya Usambara? Wajerumani walilichukua huko enzi za ukoloni, likatembea Ulaya nzima, Warusi wakalipenda, wakalizalisha kizazi kwa kizazi mpaka likavaa marinda haya. Ua letu lilikwenda ugenini likakaa huko, na sie hapa hatukuwa na habari.

Mama Kokushubila naye hakuwa na habari. Yeye alikuwa na habari nyingine iliyomkaa kooni.

Binti yake wa kwanza, Loveness, ambaye leo amekaa pale mbele akimtafsiria Mama Galina, alisoma shule hii hii, akapata nafasi ya kwenda Urusi kusomea kilimo. Mtaa mzima tulimsindikiza. Uwanja wa ndege si uko hapo tu? Alipomaliza masomo akapiga simu, akasema amempata mwenzake huko, anaitwa Andrei, wanataka kuoana, na kazi kapata huko huko. Mama huyu ni mjane, alimlea binti yule kwa mshahara wa kupiga chapa barua za watu wengine. Akamjibu, "Mie nilikupeleka ukasome. Kama umeshapata mama mwingine, kaa naye." Akakata simu. Na haikuwa simu tu aliyoikata. Picha ya binti ikashuka ukutani. Sie majirani tukaambiwa tusimwite tena Mama Loveness, tumwite Mama Brightson, kwa jina la mtoto wa pili. Nani angembishia? Nyie wenyewe mnamjua. Hata wakuu wa shule waliopita hapa walikuwa wakigonga mlango wa ofisi yake kabla ya kuingia.

Tukamwita Mama Brightson, miaka ikapita.

Mwezi wa Oktoba mmoja, akaja dada mmoja, Editha, daktari aliyekuwa ndio kwanza anarudi kutoka masomoni Voronezh. Mkononi ana kidude cha plastiki kama cha kubebea chakula. Mie nilikuwepo, nilikwenda kuazima kinu. Akafungua, ndani mna majani matupu, yamefungwa kwenye karatasi laini yenye unyevu. Hakuna ua, hakuna mzizi. Akasema, "Mama, shikamoo. Nimetumwa na Mama Galina, mama mkwe wa Loveness. Amesema ua hili asili yake ni kwenu, wao wamelilea tu. Na binti yako vilevile, anamlea tu, hajakunyang'anya."

Mama Kokushubila hakujibu salamu wala ujumbe. Alisema neno moja, "Weka." Dada wa watu akaweka, akaaga, akaenda zake. Mie nikajua majani yale yanakwenda jalalani. Kesho yake nikayakuta yamepandwa, kila moja na kikopo chake. Nikamtazama. Akaniambia, "Majani hayajanikosea kitu."

Ndugu wageni waalikwa, mnadhani kulea vayoleti Dar es Salaam ni mchezo? Ua hili limezoea ubaridi wa milimani. Jua likiligusa moja kwa moja linaungua, ukilimwagia maji juu linapata mabaka, ukilizidishia maji linaoza. Udongo wanaoutumia Warusi hapa haupatikani. Mama huyu akaenda Temeke kwa wauza nazi, akaomba makumbi, akayachambua na kuyatwanga mpaka yakawa laini, akachanganya na mchanga uliooshwa. Chini ya kila jani vikachomoza vijani vidogo kama masikio ya panya. Vikakua, vikachanua. Nilimwona mwanamke ambaye hakuwa akicheka ovyo amesimama mbele ya dirisha la uani, anatabasamu peke yake.

Kisha ikaingia Februari. Mnaijua Februari ya Kipawa: bati linalia kwa joto, feni inazungusha moto. Miche ikaanza kulegea, ikaoza katikati, mmoja baada ya mwingine. Jumamosi moja nikamkuta ameketi sakafuni, mbele yake chungu kimoja tu kilichobaki.

"Raudha, hili nalo linaondoka."

"Muulize aliyekutumia."

"Nitamuulizaje? Kirusi nakijua?"

"Yupo anayekijua," nikamwambia.

Nikainuka niondoke, akanishika pindo la khanga. Akachukua simu. Namba ile hakuitafuta popote, aliibonyeza kutoka kichwani. Ilipopokelewa hakusalimu. Alisema, "Loveness. Muulize mama mkwe wako. Ua linaoza katikati. Nifanyeje?"

Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia sauti ya binti yule: "Subiri mama. Usikate. Nakuomba, mama, usikate."

Akamwita mama mkwe wake, kikaja Kirusi kingi cha haraka. Mama Galina anasema, Loveness anatafsiri huku analia, Mama Kokushubila anafuata huku simu iko juu ya kigoda. Osha kisu kwa spiriti. Tupa palipooza, usione huruma. Chagua jani gumu, kata mshazari, liache jeraha likauke kidogo, kisha panda upya. Chungu kiweke sakafuni palipo na ubaridi, juu ya sinia la kokoto zenye maji. Walipomaliza, kabla hawajaagana, ikaingia sauti ndogo, ya mtoto, kwa Kiswahili safi kabisa:

"Bibi, mimi naitwa Koku."

Mama huyu akaweka kisu chini. "Nani kakupa jina hilo?"

"Mama. Siku niliyozaliwa."

Sitasema alivyofanya baada ya hapo. Itoshe kwamba siku ile nilirudi kwangu nimesahau nilichofuata, na kwamba Jumatatu ofisini alitutangazia, kwa sauti ile ile ya kusoma ratiba ya mitihani, "Kuanzia leo mimi ni Mama Loveness."

Jani lile lilishika mizizi. Kila Jumamosi simu ikapigwa, na wakwe wale wawili, wasioelewana hata neno moja, wakawa wanaonyeshana vyungu kwenye kioo cha simu, huyu akitikisa kichwa, yule akinyoosha kidole. Mama Galina akamfundisha kuchukua chavua ya ua moja kwa ncha ya brashi na kulipaka jingine, na kusubiri kwa miezi mpaka kitunda kikauke na kutoa mbegu nyembamba kama vumbi. Miche mingi ikaliwa na joto. Mmoja ukapita Februari, ukapita Machi, ukachanua zambarau iliyokolea, ukingo mweupe. Ulizaliwa Kipawa, na joto la Kipawa umelizoea.

Wazalishaji wa Urusi wana desturi ya kutanguliza herufi za majina yao kabla ya jina la ua. Basi ua hili linaitwa K.G. Mkwe. K ni Kokushubila, G ni Galina. Majani yake yalisafirishwa mpaka Voronezh, na mwaka jana, kwenye maonyesho ya wapenzi wa maua wa mji ule, lilisimama mezani kati ya maua ya mabingwa, mbele yake kadi imeandikwa: Kipawa, Dar es Salaam. Nani kati yetu hatatembea kifua mbele? Leo Manzese kuna fundi cherehani aliyeliweka pembeni ya mashine yake. Mabibo wapo wanafunzi wanalilea hosteli. Na wote jani la kwanza walipewa bure na mama huyu, kwa sharti moja, kwamba nao wagawe.

Nimalizie na Jumatano iliyopita. Tulikwenda uwanja wa ndege asubuhi, mie, yeye na Brightson. Kwa majuma kadhaa alikuwa akijifunza salamu ya Kirusi, nikimsikia kupitia ukutani. Mlango ukafunguka. Akatoka Andrei na mizigo, akatoka Loveness, akatoka mtoto mwenye jina la bibi yake, na nyuma yao Mama Galina. Kirusi chote kikamtoka Mama Kokushubila kichwani. Mama Galina ndiye aliyetangulia. Aliinamisha kichwa, akatamka polepole, kila silabi kwa jasho lake: "Shi-ka-moo."

Mama Galina, ndugu zangu, amemzidi mwenzake umri. Mama Kokushubila alijua hivyo. Na mwanamke huyu, ambaye sijapata kumwona akimnyenyekea mtu, alipiga magoti pale pale sakafuni, kama walivyomfundisha kwao Bukoba, katikati ya watu na mizigo yao, akasema, "Hapana, dada yangu. Shikamoo ni yangu kukupa." Loveness hakutafsiri. Mama Galina naye alikuwa ameshapiga magoti.

Mama Loveness, kwa niaba ya shule, nakushukuru kwa utumishi wako; kwa niaba ya mtaa, nakushukuru kwa maua; na kwa niaba ya kila mzazi aliyepata kukata simu, nakushukuru kwa kuipiga. Nenda kapumzike, ulee vyungu na wajukuu.

Nanyi mlionitegea sikio muda wote huu, asanteni sana kwa kunisikiliza.