Mzee Muthamia na Mstari wa Nne Wenye Njaa

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Mzee Japhet Muthamia, fundi wa shamba katika kituo chetu cha majaribio hapa Gachoka, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni. Jembe lake ni lile lile alilokuja nalo. Mpini tu ndio umebadilishwa mara sita. Akikukuta umelishika, jitetee mwenyewe!

Kwao ni Maua, ambako kijana mwenye mikono myepesi hutazamiwa kuchuma miraa. Yeye alishuka huku kwenye joto la Mbeere, akalima mtama na ndengu, na Kimbeere akakijua hadi cha utani. Miaka sita iliyopita tulipoletewa vipande vya dragoni, lile tunda jekundu la mmea wenye miiba, majirani walimwuliza kama ameishiwa na mbegu za maana. Alicheka nao, akaendelea kusimamisha nguzo za mmea huo kupandia.

Jaribio lilikuwa la mistari minne. Wa kwanza ulipata samadi ya mbuzi, wa pili samadi na mbolea ya dukani, wa tatu hivyo vyote pamoja na homoni ya kukuza mizizi. Wa nne ulipata maji matupu, ili tuone tofauti. Jirani yetu, mama mmoja aitwaye Nelius, alikuwa ameshatenga mbuzi wanne wa kuuza ili anunue homoni. Alingoja neno letu tu.

Mwaka wa pili, mimi Cicily ninayeshika daftari la vipimo nilishangaa: mstari wa nne ulikuwa unaukaribia wa tatu! Mkuu wetu, Bwana Kaimenyi, akaandika ripoti kwamba dragoni haihitaji kulishwa. Siku ya wakulima, kabla haijasomwa, Muthamia alisimama kofia mkononi. Alisema kila Jumamosi amekuwa akiumwagia mstari wa nne maji ya samadi, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuuona ukigeuka manjano na yeye ameshika ndoo.

Lo! Hakuna aliyekuwa amemwona. Angenyamaza, angestaafu bila doa. Alipata barua ya onyo, nasi tukapoteza miaka miwili. Bwana Kaimenyi hakumsalimia mwezi mzima. Mimi pia nilimkasirikia, sitaficha. Lakini Nelius aliwarudisha mbuzi wake malishoni, akasema mtu anayejishtaki hivyo anafaa kusubiriwa.

Tuling'oa, tukaanza upya. Miaka minne Muthamia amepita kando ya mstari wa nne akiangalia upande mwingine. Jibu likaja: samadi ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Homoni iliharakisha mizizi, lakini kwenye mmea wenye njaa haikuleta kitu. Yeye huwaambia wakulima kwamba homoni bila samadi ni kuwaita watoto mezani na sufuria haina kitu. Nelius leo ana nguzo themanini, kikopo kimoja cha homoni, na mbuzi kumi na wanane.

Jaribio lilifungwa wiki jana. Kwa hiyo Ijumaa, baada ya sala na chai, usitarajie zawadi ya saa ya ukutani, Mzee. Nelius analeta ndoo mbili za samadi ya mbuzi wale wale. Asante kwa kutufundisha kusema kweli hata inapouma. Ukaishi vyema kule Maua, wewe na mkeo, Mama Mwendwa, na afya isiwapungukie. Ila kabla hujaondoka, mstari wa nne unakungoja. Ulishe, mchana kweupe, sote tukitazama.