Mama Vifungo na Wauaji Waliotajwa Mapema

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa katika chumba cha mavazi, Mama Vifungo anastaafu. Walioajiriwa juzi wanamjua kama mama mpole anayekusimamisha mlangoni kukwambia umeruka kifungo. Sisi wa zamani tunamjua kama mshukiwa.

Alikuja hapa kituo cha televisheni kwa kazi ya muda ya kupunguza suruali za waigizaji. Mwaka uliofuata ikaanza tamthilia ya Inspekta, na cherehani yake haikupoa tena. Watazamaji wengi hawajui kwamba lile koti maarufu la Inspekta lilikuwa makoti matatu: la kukimbilia, la kunyeshewa, na moja safi la kukamatia watu. Mvua yenyewe ilitoka kwenye mpira wa kumwagilia bustani. Gari la polisi halikuwa na injini. Lilisukumwa na mafundi wa taa walioinama nyuma yake, na ukikodoa macho kwenye kipindi cha harusi utaona kisogo cha mmoja wao. Damu ilikuwa juisi ya bitiruti, ambayo Mama Vifungo aliilaani kila alipofua.

Msimu wa tatu, mambo yakaingia mdudu. Gazeti moja la burudani lilianza kumtaja muuaji kabla kipindi hakijarushwa. Mara ya kwanza tukasema wamebahatisha. Liliporudia na kurudia, mwongozaji akaanza kufunga milango. Kurasa za mwisho za mswada zikawa zinagawiwa asubuhi ya kurekodi na kukusanywa kabla ya chai. Watu wakanong'ona, na walionong'ona wakashukiwa kwa kunong'ona. Dereva alimshuku mpambaji; mpambaji akanishuku mimi, fundi sauti, kwa kuwa kusikiliza ndiyo kazi yangu.

Mwishowe vidole vyote vikamwelekea Mama Vifungo. Shati la muuaji hushonwa mara mbili, moja safi na moja la damu, basi anayelishona lazima amjue mvaaji. Kibaya zaidi, shemeji yake aliuza magazeti. Mwongozaji alimtuhumu mbele yetu sote, akamhamishia ghala la mapazia, na mkoba wake ukawa unapekuliwa kila akitoka. Mama alisema tu kwamba anayetafuta mchawi huanzia kwa jirani, akachukua mkasi wake akaenda. Dada yake alitusimulia baadaye kwamba siku zile Mama Vifungo alishaanza kuulizia kazi kwa washona sare za shule.

Kilichomwokoa si upelelezi. Siku moja mama mzazi wa mwigizaji wetu mkuu, huyo huyo Inspekta, alikuja kutembelea studio. Alimsalimia kila mtu kwa bashasha mpaka alipomfikia kijana mtaratibu aliyeigiza daktari wa meno. Hapo akaurudisha mkono wake.

"Wewe sikupi mkono," alisema. "Yule mwenye nyumba wako alikukosea nini?"

Kipindi ambacho daktari huyo anamuua mwenye nyumba kilikuwa bado hakijarushwa. Studio nzima ikamgeukia Inspekta, naye akawa anatazama viatu vyake. Kumbe alikuwa akimsimulia mama yake mapema, presha isije ikampanda. Mama naye akawasimulia wenzake saluni, na mwandishi wa lile gazeti alikuwa akisukwa nywele papo hapo.

Mwongozaji alimfuata Mama Vifungo ghalani kumwomba radhi. Hakuacha kukunja mapazia.

"Ulinituhumu mbele ya watu," alimwambia. "Niombe radhi mbele ya watu."

Kesho yake ikawa hivyo, taa zote zikiwaka, madereva na wapishi wa kantini wakiwa wameitwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akadai ufunguo wa chumba chake. Haujamtoka kiunoni tangu hapo, na mafundi wote wa mavazi tulio nao leo wamepitia mikononi mwake.

Jambo moja zaidi. Mama Vifungo hajawahi kumaliza hata kipindi kimoja cha tamthilia hii nyumbani kwake. Mumewe alikuwa akiiacha runinga na kumkazia macho yeye, amsome usoni nani kaua, hadi mkewe akahamia jikoni. Mwezi ujao kituo kinairudia yote tangu mwanzo, na mzee anaapa kwamba amewasahau wauaji wote. Mkewe haamini.

Mama yetu, asante kwa kila pindo na kwa kila siri uliyoibana. Kapumzike kwa raha na afya tele, ukae kochini, na mzee atazame mbele.