Verna Kakataa Wigi

Benchi liko nje ya duka la dawa, Mtaa wa Gower, Hollywood, wanapokaa wanaume waliovaa kichunga-ng'ombe tangu alfajiri wakingoja kuitwa na kampuni za filamu za bei poa. Kahawa inauzwa dirishani. Asubuhi hiyo nilikaa nao, boksi la wigi mapajani. Kazi yangu ni kuangalia nguo na nywele za waigizaji zisibadilike katikati ya filamu. Bosi alikuwa amenunua kipande cha filamu ya zamani: mwanamke anaruka korongo kwa farasi, unaona mgongo tu na nywele ndefu za rangi ya shaba. Mpango: Verna Tolliver, mwigizaji wetu mwenye nywele fupi nyeusi, avae wigi, kipande kiungwe kwenye filamu yetu, hela iokolewe. Verna akakataa. Ataruka mwenyewe, alisema, kamera ikimtazama usoni. Bosi akacheka: aruke kabla ya saa sita mchana, la sivyo avae wigi au ampishe mwingine.

— Miaka yote hii anaruka badala ya nyota wengine, kamera ikimwona mgongo tu, leo ndiyo kakumbuka ana uso? aliuliza Marehemu, anayeitwa hivyo kwa sababu kila filamu anauawa mwanzoni.

— Kapata mkataba kampuni kubwa huyo, alisema Sherifu, ambaye nyota yake ya bati aliinunua mwenyewe. — Anatafuta kufukuzwa tu, aende huko. Mwenda pole hajikwai!

— Sasa mwenda pole na kuruka korongo wapi na wapi, kaka?

— Farasi ndiye ataenda pole.

Masharubu, mwenye masharubu ya kubandika kwa gundi, alitema kahawa kwa kicheko.

— Acheni kamba. Verna kaolewa kwa siri na tajiri wa mafuta, hela za bosi hazimbabaishi tena. Mfupi, hamfiki hata begani. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Umemwona wewe huyo tajiri?

— Mfupi vile ningemwonaje?

— Nyote hamjui kitu, alisema Marehemu, akishusha sauti. — Yule mwanamke wa kipande cha zamani, wa mgongo tu, ni Verna mwenyewe! Alianguka, akapoteza kumbukumbu, leo imerudi.

— Dada Imogene, Sherifu alinigeukia, — wewe si umesoma chuo? Inawezekana?

— Yule anashika hatamu kwa mkono wa kushoto, nilisema. — Verna anatumia wa kulia.

— Aliangukia huo wa kushoto! Marehemu akapiga goti. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu, bwana wee, si mkono! alisema Masharubu.

Hapo Verna mwenyewe akatokea konani, kichwa wazi, buti zimejaa vumbi. Aliushika mkono wa Masharubu pamoja na kikombe, akanywa mafunda mawili.

— Mabwana, nani kati yenu amewahi kuruka lile korongo?

Sherifu alichungulia kahawa yake. Masharubu akapapasa gundi.

— Hata korongo dogo? Mtaro?

Marehemu alifumba macho kama yuko kazini.

— Sisi huwa tunakaa baa, dada, alisema Sherifu. — Kwenye filamu.

— Basi nikirudi nitawaeleza lilivyo.

Akavaa glavu.

— Verna, nilisema, — ukivaa hili wigi hakuna atakayekulaumu.

— Hakuna atakayeniona pia.

Akaondoka kuelekea kwenye lori la farasi bila kugeuka. Saa ya dukani ilikuwa inakaribia saa tano. Nilimwekea Sherifu lile boksi mapajani, nikatafuta penseli na kumkimbilia Verna. Farasi akitua salama, lazima pawe na mtu wa kuandika upepo ulizilaza nywele za Verna upande gani.