Kasiani Mchopa, Mtani Aliyefungwa kwa Maneno ya Msibani

Baba Paroko, mashehe wetu, watani, ndugu na jamaa mliokusanyika hapa Mpapura, familia imeona marehemu asishushwe kaburini kabla maisha yake yote hayajasomwa mbele yenu, pamoja na yale ambayo baadhi yenu mngependa tuyaruke.

Kasiani Mchopa alizaliwa tarehe 4 Mei 1931 hapa hapa Mpapura, mtoto wa tatu wa mzee Petro Mchopa na mama Theresia, waliotelemka kutoka Newala kutafuta shamba, wakapokewa vizuri na wenyeji Waislamu, wakapewa ardhi, wakapanda mikorosho hii iliyo nyuma ya nyumba. Aliingia shule ya misheni mwaka 1940, akamaliza darasa la nne mwaka 1944, na hakuendelea kwa kuwa baba yake alishikwa na maradhi na jembe likahitaji mtu. Mwaka 1953 aliajiriwa kwenye reli ya Mtwara, akatandika mataruma hadi reli ile ilipofungwa na vyuma vyake kung'olewa, ndipo akapata kazi ya kupakia mizigo bandarini, akawa analala Mtwara siku za kazi na kurudi kwake kila Jumamosi kwa baiskeli.

Tarehe 16 Juni 1956 alifunga ndoa kanisani na Rozalia, aliyekaa pale kwenye mkeka, na Mungu akawajalia watoto wanne, Felista, Elia, Theresia na Petro. Alikuwa mcheshi kupita kiasi, mtu wa kukufanya ucheke huku jino linakuuma, na ucheshi huo ndio uliompeleka gerezani, jambo ambalo familia hailisemi kwa mzaha.

Jumamosi ya tarehe 8 Novemba 1969, asubuhi, wakati Kasiani yuko njiani kutoka Mtwara, yowe lilipigwa katika kijiji hiki kwamba jirani yetu Issa Mnali ameiba korosho zilizoanikwa uwanjani kwa balozi wa nyumba kumi, na wanaume wakatoka na fimbo na mipini ya majembe, wakampiga mtu waliyekula naye futari mwaka mmoja baada ya mwingine, bila kumuuliza neno. Korosho zenyewe zilikuwa zimeondolewa na mdogo wake balozi kupelekwa chama cha ushirika, na hilo lilijulikana kabla jua halijageuka, wakati Issa amelala chini na hakuna anayetaka kumsogelea. Kasiani alifika, akatupa baiskeli, akaomba kitanda cha kumbebea majeruhi, akanyimwa, basi akamfunga mgongoni mwake kwa shuka na kumpeleka zahanati kwa baiskeli ile ile. Issa alifariki siku ya pili yake.

Kwa faida ya wageni waliotoka mjini, ukoo wa Mchopa na ukoo wa Mnali ni watani tangu enzi za mababu, na mtani msibani ana kazi yake, huchimba kaburi, huvaa nguo za marehemu, huwatukana wafiwa na kusema uongo mkubwa mkubwa hadi wacheke, kisha hupewa chochote ili aache kusumbua. Kasiani hakuwa na moyo wa kutania siku ile, lakini mjane, mama Somoe, alimtumia ujumbe kwamba mume wake hatazikwa kama mtu asiye na watani, naye akaja, akavaa kofia ya Issa, akasimama kaburini na kusema, “Mimi ndiye niliyemuua, alininyima kuku, na nyinyi mkininyima mtamfuata.” Mlicheka, ndugu zetu, mlicheka hadi mkafuta machozi, na mama Somoe akacheka katikati ya kilio, akaagiza kuku akamatwe, akampa.

Polisi walipokuja kuwatafuta waliopiga, wale wale waliopiga walikaa nyumbani kwa balozi, wakaafikiana, wakasema muuaji yupo na amekiri mwenyewe kaburini, watu wote wamesikia. Watu waliozaliwa na utani, walioutumia kwenye maziko ya baba zao na babu zao, walikwenda mahakamani Mtwara wakashika misahafu, wakaapa kwamba maneno yale yalikuwa ya kweli, na hakuna hata mmoja aliyewaambia waheshimiwa, waliotoka mikoa ya mbali, kwamba mtani husema hivyo. Aliyewaambia ni mfiwa peke yake, na mama Somoe aliposema alicheka akampa kuku, alijibiwa kwamba mjane anayecheka kwenye maziko ya mumewe si wa kuaminiwa. Mwenzake wa bandarini, Mikaeli, aliyetoka naye Mtwara asubuhi ile na kuachana naye njiani, aliambiwa anamtetea rafiki. Tarehe 20 Agosti 1970 Kasiani alihukumiwa kifungo cha miaka kumi kwa kuua bila kukusudia, na waliopiga wakarudi nyumbani kuvuna mihogo.

Rozalia alikata rufani akisaidiwa na wakili aliyetafutiwa na wafanyakazi wa bandari, na tarehe 14 Machi 1973 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu, ikasema wazi kwamba maneno ya utani msibani si ungamo, na kwamba mashahidi wenye fimbo mikononi hawawezi kumtwika mzigo wao mtu aliyekuja kumwokoa majeruhi. Alirudi amekonda, anakohoa, na mwanawe Petro, aliyezaliwa baba yake yuko rumande, alimwamkia kama mgeni na kumletea kigoda.

Hapo ndipo mlipommaliza. Mlisema ameponea kwa wakili, mliwaita watoto wake kisimani watoto wa muuaji, mlihama jamvi alipoketi. Yeye hakudai fidia wala ugomvi, alimwomba balozi jambo moja tu, aitishe mkutano wa kijiji, maneno ya rufani yasemwe mbele ya watu wale wale walioapa. Balozi alisema wasubiri msimu wa korosho uishe, kisha akasema Ramadhani imekaribia, kisha akasema watu wanahamishiwa vijiji vipya na hakuna nafasi, na Kasiani alikubali kila mara, akarudi nyumbani akakohoa.

Mwezi Juni mwaka huu kifua kikuu kilichoanzia gerezani kilizidi, akalazwa hospitali ya mkoa, na tarehe 22 Septemba 1974, saa nne asubuhi, alifariki, mkewe akiwa kando yake. Neno lake la mwisho kwa Rozalia lilikuwa kuuliza kama mkutano umeitishwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, wafanyakazi wenzake wa bandari waliochangia jeneza na lori, na mama Somoe wa ukoo wa Mnali, ambaye jana alituma vijana wake kuchimba kaburi hili bila kuombwa na mtu. Kwa majirani, desturi inatutaka tutoe shukrani za jumla, na tumeshindwa, tumejadiliana usiku kucha tukashindwa, kwa hiyo tunawashukuru waliokuwa wakija kumjulia hali, nao wanajijua, wanaenea kwenye mkeka mmoja.

Waliobaki hatuwataji majina, kwa kuwa Rozalia amekataa, amesema msiba wa mumewe hautakuwa mahali pa kumnyooshea mtu kidole kama alivyonyooshewa marehemu. Lakini balozi upo hapa, walioapa mpo hapa, kijiji chote kipo, wake kwa waume, na hakuna aliyesema leo kuna korosho au kuna Ramadhani. Mkutano aliouomba ni huu.

Kasiani Mchopa, wamesikia wote. Hukuua mtu. Pumzika kwa amani.