Mzee Zannis Valmas, Mpishi wa Nyambizi Drakena (1919–2004)

Mzee Zannis Valmas, ambaye Korthi nzima imefunga milango leo ije kumsindikiza, alizaliwa hapa hapa kisiwani Andros tarehe 3 Februari 1919. Baba yake, Mikes, alikuwa mwashi wa kuta za mawe, na mama yake aliitwa Kalliroi. Watoto wawili waliomtangulia walifariki wangali wachanga, kwa hiyo mama alimlea huyu wa tatu kwa hofu nyingi na masharti mengi zaidi. Mkate ukidondoka, uokote uubusu. Kitu kilichobarikiwa na padre hakitupwi jalalani: kichome moto, kizike, au kipe bahari. Zannis aliyashika masharti hayo barabara, na hadi uzeeni hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Alisoma shule ya msingi ya Korthi kuanzia mwaka 1925 hadi 1931. Kwenye ripoti yake ya mwisho mwalimu aliandika: “Ana akili, ila anasinzia.” Asingesinziaje, na alfajiri yote alikuwa akikanda unga kwa mjomba wake? Alipotimiza miaka kumi na miwili aliacha kusinzia darasani akaingia kwenye tanuri la mikate moja kwa moja. Tangu hapo hadi alipostaafu, mikono yake ilinukia hamira.

Machi 1940 aliitwa kwenye jeshi la wanamaji. Walipomwuliza anajua kazi gani, akajibu, “Mkate.” Wakampeleka jikoni kwenye nyambizi iliyoitwa Drakena, jina la yule samaki mwenye mwiba wa sumu anayewatoa machozi wavuvi wetu. Wajerumani walipoiteka nchi mwaka uliofuata, Drakena ilivuka hadi Misri, kisha ikahamia Beirut, na kutoka huko ikawa inarudi kuwinda kwenye maji ya nyumbani. Katika miaka miwili ilizamisha meli mbili za mizigo na ikawatoa visiwani watu wengi waliokuwa wanasakwa. Marehemu hakuona hata moja kati ya hayo. Yeye, alikuwa akisema, alipigana vita na sufuria, lisimwagike.

Humo ndani alimkuta Linardos Tattos, mtoto wa mtaa wetu huu huu, rafiki yake tangu wanatembea matako wazi. Linardos kazi yake ilikuwa kuvaa vidude vya masikioni na kusikiliza mashine za meli za adui. Walikuwa hawaachi kutaniana.

“Zannis, huu mkate au buti la kapteni?”

“Kula, mbwa wee! Buti la kapteni lina chumvi kuliko huo.”

Na kila siku Linardos ndiye aliyeiba kipande cha pembeni, kile kilichokauka vizuri, na Zannis alijifanya haoni.

Tarehe 21 Aprili 1943, Jumatano ya Juma Kuu, Drakena iling’oa nanga Beirut kwa safari ya mwisho. Padre wa jeshi alikuwa ameyanyunyizia maji ya baraka mayai sitini. Alhamisi Kuu, chini ya maji, Zannis aliyachemsha na kuyapaka rangi nyekundu kama inavyotakiwa. Jumapili ya Pasaka, kusini ya kisiwa cha Amorgos, watu arobaini na wanne waligonganisha mayai yao, kuona la nani halivunjiki, kwa kunong’ona, maana kelele haziruhusiwi. “Kristo amefufuka.” “Kweli amefufuka.” Yai la Linardos liliyavunja yote, na la kapteni likiwemo. Linardos akatamba humo ndani kama jogoo, kwa kunong’ona vilevile.

Nyambizi ina sheria yake ya takataka. Zinatiwa kwenye gunia pamoja na kipande cha chuma, gunia linashonwa, na jioni ikipanda juu linatupwa lizame, pasielee kitu cha kumwonyesha adui kwamba kuna watu wamepita. Kapteni hakuwa na mchezo kwa hilo, na Zannis alilijua kuliko kila mtu kwa sababu gunia lilikuwa lake. Jioni ile aliyatazama maganda mekundu, akatazama na matumbo ya samaki yaliyokuwa tayari guniani. Maganda yalikuwa yamebarikiwa. Moto hapakuwa, jiko lenyewe la umeme; udongo hapakuwa. Akayatia kwenye kofia yake, akapanda juu, akayamwaga baharini. Linardos alikuwa pale mnarani kwenye zamu ya ulinzi.

“Unafanya nini, wewe?”

“Yamebarikiwa haya.”

“Na gunia je?”

“Gunia lina matumbo ya samaki, Linardos. Nitachanganyaje?”

Linardos akacheka. “Haya, wape samaki nao wafungue mfungo.”

Bahari ilitulia usiku kucha. Asubuhi Drakena ilikuwa bado pale pale, ikilinda mlango wa bahari kati ya visiwa, ikiwa chini ya maji, ndege ilipokuja ikazunguka mara moja, ikazunguka mara ya pili, ikaondoka. Saa tatu zikafika meli mbili za Wajerumani. Zilimwaga mabomu yao ya majini kwa saa nne. Taa zilipasuka, maji yakaingia, hewa ikawa nzito hadi watu wakawa wanatapika. Saa saba mchana kapteni aliamuru wapande juu wapigane kwa mzinga. Linardos alikuwa wa kwanza kuufikia. Zannis alirushwa na mlipuko kutoka mnarani, na alipoibuka alimwona rafiki yake majini, kifudifudi, mgongo umefumuliwa na risasi. Alimgeuza. Alimwita jina. Linardos alikuwa amekwisha kufa. Saa saba na dakika ishirini Drakena ilizama, na watu arobaini na mmoja hawakurudi.

Wajerumani waliwaokota watu watatu. Mmoja alifia kambini, mwingine baada ya vita alikwenda Australia na barua hakuandika. Marehemu ndiye wa tatu. Alipokuwa ameketi kwenye sitaha ya adui, amelowa chapachapa, baharia mmoja alimsogelea na kumfungulia kiganja. Ndani mlikuwa na vipande vya maganda mekundu. Alikuwa anacheka, labda kwa ubaya, labda kwa kuwa lilikuwa jambo la ajabu tu. Waliyaokota asubuhi, yakawaongoza, au waliyaokota saa ile ile wakati wa kuokoa watu? Zannis hakuwa na lugha ya kumwuliza. Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo kwa miaka sitini.

Mwaka 1946 tume ya uchunguzi ilimhoji. Maofisa walikata shauri kwamba Drakena ilionekana kwa sababu ya mafuta yaliyokuwa yakivuja kutoka kwenye tangi lililoharibika safari ya nyuma. Wakamwuliza kama kuna jambo lingine. Akasema hakuna.

Kabla ya hapo, Julai 1945, aliporudi Korthi amekonda kama fimbo, mtu wa kwanza kumpokea hakuwa mama yake. Alikuwa Bi Floreza, mama yake Linardos. Barua ya jeshi ilikuwa imemwambia kwamba mwanawe hajulikani alipo.

“Zannis, mwanangu. Linardos ulimwona?”

“Sikumwona, mama.”

Hapo ndipo alipokosea, na ametuagiza tuliseme bila kulipaka asali. Aliona kwamba akisema amemwona amekufa, swali litakalofuata ni adui aliwapataje, na la pili asingeweza kudanganya. Alijipa siku chache, apate moyo. Siku chache, jamani! Bi Floreza alisema basi, asiyeonwa amekufa yu hai, na kuanzia mchana ule akawa anamwekea Linardos sahani mezani. Alikataa katakata kuchemsha ngano ya marehemu, ile tunayogawana kanisani kumwombea aliyekufa. “Ngano ya nani? Mimi sina maiti.” Binti yake, Marouso, alipofikia kuolewa, mama alisema kaka ndiye atakayempeleka kanisani, na kaka yuaja. Walikuja wachumba wawili, wakangoja, wakaenda kuoa kwingine.

Mwaka 1948 marehemu alifungua tanuri lake hapa bandarini. Mkate wake mnaujua. Mnajua pia kwamba mkate wa Pasaka aliusuka bila kuuchomeka yai jekundu katikati kama jicho, na wanawake wa Korthi hamkumwacha apumue. “Mzee Zannis, mkate wako umezaliwa kipofu!” Yeye alikuwa akicheka na kujibu, “Basi ushike mkono uupeleke nyumbani.” Sasa mnajua. Hamkukosea kutania, mlikuwa hamjui.

Tarehe 16 Septemba 1951 alimwoa Ourania, binti wa mhunzi, mwanamke pekee, alivyosema mwenyewe, aliyeweza kumfokea kabla hajapambazukiwa. Walijaliwa Annezio mwaka 1953 na mtoto wa kiume mwaka 1956. Kwetu mtoto hupewa jina la babu, na babu Mikes alikuwa ameshanyoosha mgongo kungoja. Zannis akamwita Linardos. Siku ya ubatizo Bi Floreza alisimama mlangoni pa kanisa, mkono kiunoni.

“Zannis! Unampaje mtoto jina la mwanangu? Kuna unalolijua?”

Palikuwa na wakati wa kusema, na mlango ulikuwa wazi.

“Ni mapenzi tu, mama. Ni rafiki yangu.”

Uso wa yule mama ukang’aa. “Basi akirudi watakuwa wawili,” akasema, akambusu mtoto. Mama Ourania anasema mumewe hakula siku ile wala siku iliyofuata, na yeye akadhani ni tumbo. Bi Floreza alifariki Februari 1969 akiwa bado anangoja.

Mwaka 2001 mapafu ya marehemu yalianza kumwangusha. Daktari wa Athene alimwambia wazi kwamba si ya kupona. Oktoba 2002 alichukua fimbo, akamwomba binti yake Annezio amshike mkono, akapanda ngazi hadi kwa Marouso, ambaye alikuwa na miaka sabini na mitano na anaishi peke yake. Alimweleza kila kitu: gunia, kofia, maganda, kiganja cha yule Mjerumani. Alilia. Alimwomba msamaha kwa kumwulia kaka yake.

Marouso alimsikiliza hadi mwisho.

“Maganda ya mayai, Zannis? Hayo nimekusamehe hapo hapo ulipokaa. Ulikuwa kijana, uliogopa dhambi. Nani ajuaye kama ni hayo? Na Linardos mwenyewe aliyaona, akacheka.” Akasogeza kiti karibu. “Lakini ulimwona.”

“Nilimwona.”

“Ukamgeuza, ukajua amekufa.”

“Nilijua, Marouso.”

“Ulikuwa unatuletea mkate kila siku. Sahani ya Linardos unaiona mezani. Mama anakuuliza kama meli imeleta habari, unamwambia bado.”

“Nilikuwa namwambia bado.”

“Toka nyumbani kwangu.”

Alitoka. Annezio anasema baba yake aliteremka ngazi zile kama mtu aliyesomewa hukumu ya kesi ambayo hakujua kama ipo. Miaka sitini alikuwa akijilaumu kwa maganda ambayo pengine hayakumwua mtu, na neno lililowamaliza watu wawili hakuwahi hata kulihesabu kuwa kosa. Baada ya juma moja Marouso alichemsha ngano akaipeleka kanisani kwa mara ya kwanza, akasomesha jina la kaka yake na la mama yake. Aligawia kila mtu kwa kikombe. Alipomfikia Zannis, alipita.

Marehemu alikata roho nyumbani kwake tarehe 9 Machi 2004, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho la maana alilisema siku mbili kabla: “Msinisafishe. Andikeni alivyosema Marouso.” Tumeandika, baba, na haikuwa rahisi.

Ameacha mjane, Ourania. Watoto wawili, Annezio na Linardos, na wenzi wao. Wajukuu wanne na kitukuu mmoja. Mungu amlaze pema, yeye na wale arobaini na mmoja ambao hatukupata kuwafukia.

Karatasi hii tulimpelekea kwanza Bi Marouso aisome kabla haijachapishwa, kwa kuwa jina lake limo. Sisi kwa kutaka amani tulikuwa tumemalizia kwa kusema kwamba amemsamehe marehemu. Alivaa miwani, akasoma yote, akaomba kalamu. Aliifuta sentensi ile ya mwisho, na juu yake akaandika kwa mkono wake: “Bado.” Kisha akavua miwani na kuuliza mazishi ni saa ngapi, maana mwendo wake siku hizi ni wa polepole na asingependa kuchelewa.