Mzee Pankrasi Anaondoka, Neno "Mjinga" Linabaki

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Pankrasi Luambano anatimiza miaka kumi na miwili ya kukagua michezo ya video katika duka letu la mtandaoni, Kitalu, na anastaafu. Kabla ya hapo alipanga barua posta kwa miaka ishirini na mmoja. Yeye husema kazi ni ile ile: kitu kinaingia, unakisoma, unakiweka mahali pake, na ukikosea kuna mtu atalia mahali ambapo humwoni.

Kwa wageni wa sherehe hii ambao bado wanatuuliza tunafanya nini pale juu ya duka la mbolea, Mfaranyaki: sisi ni watu wazima saba tunaolipwa kucheza gemu. Kila mchezo unaotaka kuingia Kitalu unapita kwetu kwanza. Tunaucheza, tunaamua unafaa umri gani, tunaupanga kwenye rafu yake, na tunasoma maoni ambayo wachezaji huandika chini yake ili tuondoe matusi. Ni kazi ya heshima, ingawa hatujafanikiwa kumshawishi mtu yeyote hapa Songea. Zena, anayetuuzia chai pale chini, humuuliza Mzee kila jioni akishuka ngazi, "Mzee Luambano, leo umeshinda au umefungwa?" Naye hujibu bila kusimama, "Sijafungwa, mama. Nimefungia michezo miwili."

Mzee alicheza kila mchezo hadi mwisho, kwa vidole viwili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Ulipokuja mchezo wa wafu wanaofukuza watu mjini, sisi wengine tuliandika "unatisha" tukaenda kunywa chai. Yeye aliandika: "Wafu wanatangatanga na hakuna ndugu hata mmoja anayewatafuta. Miaka kumi na minane." Mchezo wa watoto wa kuchuma matunda ulitupita sote sita. Yeye aliucheza siku tatu, akagundua kwamba yale maembe hayaliwi wala hayapelekwi sokoni, yanazunguka tu yakisubiri bahati. Ilikuwa kamari iliyovalishwa sare ya chekechea. Aliufungia siku ile ile, na kuna wazazi ambao mpaka leo hawajui walichoepushwa.

Mimi niliyeombwa kuandika wasifu huu ndiye mwenye kurasa nyingi kwenye daftari lake la makosa. Wiki yangu ya kwanza uliletwa mchezo wa drafti. Maelezo yake yalisema, "Kula nyingi kadiri uwezavyo, ukizila zote umeshinda." Sikuufungua. Niliupanga kwenye rafu ya Mapishi. Ulikaa siku kumi na moja kati ya pilau na maandazi, na kwa aibu yangu ulipakuliwa kuliko vyote viwili. Mzee aliuhamisha kimya kimya, akaandika daftarini: "Umetolewa jikoni." Hakunitaja jina. Aliyenitaja ni Daimu, ninayekaa naye meza moja, na bado ananitaja.

Upendeleo Mzee hakuujua. Siku moja mkewe, Mama Aurelia, aliandika chini ya mchezo mmoja, "Mume wangu ndiye aliyeupitisha huu, upakueni haraka." Mzee aliyaondoa maoni hayo kabla ya saa nne asubuhi, na kwenye sehemu ya sababu akajaza: "Matangazo ya ndugu." Wiki iliyofuata tulimwona akila mihogo ya Zena kila mchana.

Kwa hiyo Jumatatu ya wiki iliyopita, aliponiambia kwamba faili moja tu limebaki mezani kwake, na ni la Ramson, nilijua limekwisha.

Ramson alikuwa mume wangu. Alikuwa bwana shamba, na alifariki Machi mwaka jana. Miaka mitatu iliyopita alipakua mchezo wa kilimo uitwao Jembe na Mvua, ili aone kazi gani inayonichelewesha kurudi nyumbani Ruhuwiko. Hakumaliza nusu saa. Aliandika chini yake: "Mahindi Julai? Hiyo mvua utaileta kwa ndoo? Aliyetengeneza huu mchezo ni mjinga. Lakini ng'ombe wake ni wazuri."

Nilipoyaona maneno hayo ofisini asubuhi, jina lake kamili likiwa pale juu, niliona aibu nikabonyeza Ripoti. Ndiyo, mimi mwenyewe. Nilimshtaki mume wangu ofisini kwangu, kisha nikaenda nyumbani kumpikia. Mzee alimwandikia Ramson kwa adabu, akamwomba aliondoe neno "mjinga". Ramson alijibu kwamba atalitoa siku mahindi yatakapohamishiwa Desemba, si kabla. Mzee akaandika juu ya faili, "Linamsubiri mwandishi." Kisha mwandishi akafariki, na faili likaendelea kumsubiri.

Sasa kanuni zetu zinasema mkaguzi anayestaafu haachi faili wazi. Zinasema pia kwamba maoni yenye tusi ambalo mwandishi hakuliondoa yanafutwa yote, na kwamba mlalamikaji akiwa ndugu wa mwandishi haruhusiwi kufuta lalamiko lake. Hiyo ya mwisho niliichapa mimi, na nikaipigia mstari.

Picha za Ramson ninazo, na koti lake la mvua bado liko nyuma ya mlango. Lakini ule ubishi wake, wa kukusema halafu akusifie ng'ombe, ulikuwa umebaki pale tu, chini ya mchezo ambao yeye mwenyewe hakuupenda. Sikumwomba Mzee chochote. Nilimwambia afanye kazi yake, nikayapiga picha maoni yale kwa simu, na picha ikatoka na kidole changu.

Jumatano hiyo Mzee hakucheza gemu hata moja. Aliandika barua. Kanuni ya tisa inasema tusi ni neno linalomuumiza anayetajwa, na kwa miaka mitatu mizima hakuna hata mmoja wetu, wakaguzi hodari wa Songea, aliyekumbuka kumuuliza anayetajwa kama ameumia. Anayetajwa ni Abasi, mtengenezaji wa Jembe na Mvua, anayeishi Dar es Salaam. Majibu yake yalifika Ijumaa, na Mzee aliyasoma kwa sauti, akiwa amesimama, kama tangazo la parokia:

"Shikamoo Mzee wangu. Sijatukanwa, nimeelezwa. Mimi nimezaliwa mjini, mahindi nimeyajua yakiwa juu ya jiko la mkaa. Julai niliichagua kwa sababu ndio mwezi wangu wa kuzaliwa. Mwambieni huyo bwana nimeshahamishia Desemba. Ng'ombe sijawagusa."

Daimu, ambaye hawezi kukaa kimya hata akiwa na chapati mdomoni, akauliza, "Sasa Mzee, si Ramson alisema mahindi yakihama atalitoa hilo neno? Masharti si yametimia?"

Mzee alivua miwani. "Ahadi hiyo ni ya Ramson, Daimu. Ataitimiza mwenyewe. Ofisi haitimizi ahadi za watu."

Kisha akakaa, akaandika uamuzi wake wa mwisho kwa vile vidole viwili: "Liachwe. Anayetajwa ameridhia." Akafunga faili. Daimu aliangalia dirishani kwa muda mrefu, ingawa pale dirishani panaonekana bati la jirani tu. Mimi nilisema vumbi la mbolea limepanda juu, nikatoka kwenda kunawa uso. Jumapili baada ya misa nilipita makaburini nikamwambia Ramson habari ya Desemba, kwa kuwa Abasi alisema aambiwe.

Mzee Luambano, asante. Asante kwa kucheza hadi mwisho michezo ambayo sisi tuliiacha katikati, na kwa kuusoma mstari wa kanuni ambao sisi tuliuruka. Asante kwa kunitoa jikoni bila kunitaja. Mama Aurelia naye tunamshukuru kwa kutuazima mume, na tunamwomba radhi kwa ile mihogo.

Tunasikia mashimo yameshachimbwa kule shambani kwenu na mbegu ipo nyumbani inasubiri. Tunakuombea mvua ya kutosha, mgongo usiokusumbua, na jioni ndefu ambazo hakuna atakayekuuliza kama umefungwa. Ukimkumbuka Zena, shuka mjini, chai yako tutailipia.

Mahindi uyapande Desemba. Ukikosea mwezi, neno la kukuita lipo, umeliacha mwenyewe.

Verediana, meza ya maoni, kwa niaba ya wenzako wote